Jina na Alama ya Mzinga

Mtu huzaliwa uchi, lakini hazipiti siku nyingi kabla hajavikwa nguo mbili. Ya kwanza hufunika mwili wake. Ya pili ni jina, nalo humwondolea utupu wa kutojulikana. Nguo ya mwili huchakaa ikatupwa, bali jina hudumu hata mwenyewe akiisha kuzikwa. Ajabu yake ni hii: nguo ya mwili twaichagua kwa macho makali, twauliza bei yake na asili ya kitambaa chake, jina twalivaa maisha yetu yote pasipo kuuliza lilifumwa na nani. Mimi nami nilikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo, tena nilikuwa na kosa kubwa zaidi ya hilo, ambalo nitaliungama katika insha hii.

Nalipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu, nilipenda kukaa maktabani saa za jioni, wenzangu walipokuwa uwanjani wakicheza mpira. Jioni moja niliona katika rafu ya chini kitabu kizee kilichopoteza jalada lake. Kilikuwa kitabu cha nembo za koo za Ufaransa. Kila ukurasa ulikuwa na ngao zilizotiwa rangi: simba wa dhahabu aliyesimama kwa miguu ya nyuma, tai mwenye mbawa zilizotandazwa, minara, nyota, na maua ya yungiyungi. Chini ya kila ngao liliandikwa jina la ukoo. Nilivutwa na picha zile kama nondo avutwavyo na taa, nikajisemea moyoni, "Kumbe hawa ndio watu wenye asili! Sisi wa Karurumo tuna nini cha kuonyesha?"

Usiku ule nilichukua karatasi na kalamu za rangi, nikajichorea ngao yangu mwenyewe. Niliweka simba wawili, mnara mmoja wa mawe, na upanga. Simba sikupata kumwona ila katika picha. Mnara wa mawe haukuwako kijijini kwetu. Na katika jamii ya panga nililijua moja tu, lile la kukatia majani ya ng'ombe. Walakini nilipomaliza niliitazama kazi yangu nikaona imetimia. Niliikunja, nikaitia katikati ya daftari, nikangoja likizo ili nikamwonyeshe babu yangu.

Karurumo ni soko dogo katika nchi ya Embu, mteremkoni, si mbali na mji wa Runyenjes. Ukitazama juu asubuhi isiyo na mawingu waona Mlima Kenya, ambao sisi twauita Kirinyaga. Ukitazama chini waona nchi kavu ya Mbeere ikinyooka kuelekea mto Tana. Juu kuna chai na kahawa. Chini kuna muguka, mtama na miembe. Watu wa hapo katikati wamekula vya juu na vya chini tangu zamani, na asali ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyothaminiwa pande zote mbili. Hapakuwa na mahari iliyotajwa wala baraka iliyoombwa pasipo pombe ya asali kuwapo.

Babu yangu alikuwa mtu wa asali. Hakupata kuingia darasani hata siku moja, na herufi zote kwake zilikuwa nyayo za kuku. Jina lake lilikuwa Mwaniki, nami nilipewa jina hilo kwa kuwa ni mwana wa kwanza wa mwanawe. Maana desturi ya Waembu ni kwamba mvulana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Wasichana nao huitwa vivyo hivyo kwa majina ya nyanya zao. Kwa sababu hiyo babu aliniita "wajina", na baba yangu mzazi, kila alipotaka kunibembeleza, aliniita "baba". Mgeni asiyezijua desturi zetu angeshangaa kumsikia mtu mzima akimwita baba mtoto ambaye pua yake haijakauka kamasi.

Babu aliipokea karatasi yangu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Wajina, hawa ni simba?"

"Ndiyo, Babu."

"Ni nani wa mlango wetu aliyepata kufuga simba?"

"Hakuna, Babu. Hii ni alama ya ushujaa tu."

"Na nyumba hii ya mawe ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Hakucheka, wala hakunikemea. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akaniashiria nimfuate. Tulikwenda nyuma ya ghala, mahali alipokuwa amelaza mizinga yake mizee iliyoteremshwa mitini. Ilikuwa magogo ya muringa, yaliyokombwa ndani kwa uvumilivu na kuzibwa kwa vifuniko vya mbao. Alipangusa vumbi kwenye ubavu wa mmoja, akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya mti. Chini ya vidole vyangu nilisikia mikato miwili iliyolala sambamba, na duara moja juu yake. Ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto.

"Hawa ndio simba wako," alisema.

Kisha aliketi juu ya mzinga ule akanieleza. Siku za ujana wake mtu aliweza kutundika mizinga mbali sana, huko chini Mbeere, mwendo wa siku nzima kwa miguu, akaiacha miezi mingi pasipo kuitazama. Apitaye chini ya mti aliinua macho, akaiona alama, akajua mzinga ule ni wa mlango gani. Aliyeiba asali yake hakumwibia mtu mmoja, bali aliuibia mlango mzima, na wazee wangeketi kumhukumu. Mishale nayo ilitiwa alama. Mnyama akianguka na wawindaji wawili wakigombana, mshale wenyewe ulitoa ushahidi. Mdogo wake babu alipojitenga na kujenga boma lake, hakubuni alama mpya. Alichukua alama ya baba yao akaongeza mkato wa tatu, ili watu wajue kwamba ni nyumba nyingine ya shina lile lile.

Baadaye nilisoma kwamba desturi hii haikuwa yetu peke yetu. Msomi Mswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, alizieleza alama za koo za Wakamba katika kitabu alichokitoa mwaka 1920. Lakini siku ile nyuma ya ghala sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu imeanza kunielemea.

Hapo babu akaniuliza neno ambalo sikulitarajia. "Na kile kipande chako cha serikali, wajina, chasemaje? Nisomee."

Msomaji wangu, hapa ndipo lilipo kosa langu. Nilipotimiza umri wa miaka 18 nilikwenda kuandikisha kitambulisho. Wakati huo nililionea haya jina la Mwaniki. Maana yake ni mtundika mizinga, na masikioni mwangu lilinuka moshi na porini. Nikaandika jina langu la ubatizo na jina la baba yangu, basi. Jina la babu nililiacha nje, kama mtu aachaye viatu vyenye matope mlangoni. Hakuna aliyeniuliza, na hakuna aliyejua.

Nilikitoa kitambulisho mfukoni. Babu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nikasoma jina la ubatizo. Kisha, pasipo macho yangu kuliona neno lolote, nikasoma, "Mwaniki". Kisha nikasoma jina la baba. Mzee akatabasamu. Alikishika kitambulisho, akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole juu ya herufi zilizokuwamo kama alivyokipitisha kidole changu juu ya alama ya mzinga. Kisha akanirudishia akasema, "Vema. Hata wao wameliandika."

Nilirudi chuoni nikiwa na mizigo miwili, elimu mpya na uongo mpya. Nikakitafuta tena kile kitabu kisicho na jalada, na safari hii nikakisoma kwa macho mengine. Yaliyonishangaza nitayaeleza kwa ufupi.

La kwanza, majina ya koo za Ufaransa hayakushuka kutoka mbinguni. Aghalabu yalizaliwa kwa njia nne. Mengine ni jina la mzazi, kama Martin, ambalo ni jina la mtakatifu na ndilo lililoenea kuliko yote nchini humo. Mengine ni ya mahali: Dubois ni mtu wa msituni, Dupont ni mtu wa darajani. Mengine ni lakabu: Petit ni mdogo, Legrand ni mkubwa. Na mengine ni ya kazi: Boulanger ni mwoka mikate, na Lefebvre ni mhunzi, kutokana na neno la Kilatini "faber". Lefebvre huandikwa kwa herufi ya b isiyotamkwa kabisa. Makarani wa zamani waliitia humo ili kuonyesha kwamba wanajua Kilatini. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, nikiwakumbuka makarani wa kwetu na namna walivyoyaandika majina ya wazee wetu kila mmoja kwa sikio lake.

Tena niliona kwamba majina yetu yalizaliwa kwa njia zizo hizo. Muturi ni mhunzi, yaani ni ndugu yake Lefebvre. Muriithi ni mchungaji. Mugo ni mganga na mwaguzi. Njeru ni mweupe, na Njiru ni mweusi. Njogu ni tembo, Mbogo ni nyati. Kariuki ni yule aliyefufuka, maana babu aliyekufa amerudi katika mjukuu. Na Mwaniki ni mtundika mizinga. Kama ningezaliwa Ufaransa, nami nikawa na jina lenye maana ya mfuga nyuki, ningejigamba kwalo mbele ya watu. Kwetu nililificha.

Tofauti moja ni kubwa. Jina la ukoo la Mfaransa hutiririka kama mto, upande mmoja tu, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, vizazi na vizazi. Jina letu lazunguka kama gurudumu: babu ni Mwaniki, mwanawe ni mtu mwingine, mjukuu ni Mwaniki tena. Mto hukuonyesha ulikotoka, gurudumu hukurudisha. Sioni kwamba njia moja ni ya ustaarabu na nyingine ya ujinga. Hata jina la kabila letu, katika simulizi ya wazee, ni jina la mtoto. Husimuliwa kwamba Mwenendega, ambaye kichaka chake karibu na Runyenjes kimeheshimiwa tangu zamani, alioa mke aliyeitwa Nthara, nao wakazaa mwana aliyeitwa Kembu. Kwa huyo tukaitwa watu wa Embu.

La pili, nembo za Ulaya zilizaliwa na haja ile ile iliyoizaa alama ya mzinga. Katika karne ya kumi na mbili askari wa farasi walianza kufunika nyuso zao kwa chuma, na mtu hakumtambua rafiki wala adui. Ikawalazimu kuchora alama katika ngao. Husimuliwa kwamba mwaka 1128 Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alimpa mkwewe, Geoffrey wa Anjou, ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Na picha ya Geoffrey akiwa na ngao hiyo imehifadhiwa mpaka leo katika mji wa Le Mans. Rangi za nembo zina kanuni. Dhahabu na fedha huitwa madini. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau huitwa rangi. Nayo madini hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Sababu yake ni nyepesi: alama isiyoonekana kwa mbali haina kazi. Ndiyo sababu wafalme wa Ufaransa waliweka maua ya dhahabu juu ya buluu, na ndiyo sababu babu alichoma mistari yake kwa chuma, ikawa myeusi juu ya mti mweupe. Wadogo wa ukoo huko Ulaya nao waliongeza alama ndogo katika nembo ya baba ili kutofautisha nyumba, sawasawa na ule mkato wa tatu.

Huyo Geoffrey alikuwa na lakabu, Plantagenet. Yasemekana aliipata kwa kuwa alipenda kuchomeka kofiani mwake kijiti cha mmea wenye maua ya manjano uitwao "genêt". Kijiti cha kofiani kikawa jina la ukoo wa wafalme. Tusione ajabu, maana jambo kama hilo limetokea hapa kwetu. Rais wa kwanza wa Kenya alizaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi. Jina la Kenyatta, kama ielezwavyo mara nyingi, lilitokana na mshipi wa shanga aliopenda kuuvaa. Mshipi ule ukawa jina la mtu, na leo ni jina la ukoo alilorithi mwanawe, ambaye naye alikuwa Rais.

La tatu lilinifundisha zaidi, nalo lahusu fahari bandia kama yangu. Nilidhani kwamba kila nembo katika kitabu kile ni thawabu ya ushujaa. Sivyo. Mwaka 1696 Mfalme Louis wa Kumi na Nne, aliyekuwa na haja ya fedha kwa ajili ya vita, aliamuru nembo zote za ufalme ziandikishwe kwa ada, na mtu wa kawaida alitozwa pauni 20 za Kifaransa. Kazi hiyo ilikabidhiwa Charles d'Hozier. Waliochelewa kuleta nembo zao walibuniwa nembo na makarani, kisha wakadaiwa ada yake. Hivyo waoka mikate, wachinja nyama, hata wakulima, waliingia daftarini pamoja na makabaila. Nembo zilizoandikwa zilipita laki moja. Na tarehe 19 Juni 1790 Bunge la mapinduzi likafuta ukabaila, vyeo vyake na nembo zake kwa pamoja. Tena yafaa kujua kwamba nembo si ya jina bali ni ya nyumba. Koo nyingi ziitwazo kwa jina moja hazina udugu wowote, na kila moja yaweza kuwa na nembo yake au isiwe nayo kabisa. Kwa hiyo mfanyabiashara wa siku hizi akuuziaye "nembo ya jina lako" akuuzia karatasi yenye simba, kama ile niliyojichorea mimi. Tofauti ni kwamba mimi sikujitoza fedha.

La nne lilinitoa machozi. Majina ya Ufaransa hayakukaa Ufaransa tu. Yamewafikia watu wa pwani yetu, lakini kwa njia ya huzuni. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Wengi wa Afrika ya Mashariki walivushwa hivyo, wakalima katika kisiwa kiitwacho leo Réunion. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani humo tarehe 20 Desemba 1848, watu wapatao 62,000 waliwekwa huru. Sheria haikuwa imemtambua mtumwa kuwa na jina la ukoo. Basi iliwapasa makarani kuwaandikia watu hao majina. Mengine waliyatoa katika kalenda na katika historia za kale, mengine waliyatunga kwa kupindua herufi. Wajukuu wao wanayo majina hayo hata leo. Nilipofikiri kwamba katika safari ile huenda kulikuwa na Muturi au Mwaniki mmoja, ambaye jina lake lilizama baharini pasipo yeye kutaka, niliona uzito wa kitendo changu. Wao walinyang'anywa. Mimi nilitupa.

Serikali zote hupenda jina lisilotikisika, kwa kuwa daftari halipendi gurudumu. Ufaransa iliamuru mwaka 1539 ubatizo wa watoto uandikwe, na mwaka 1794 ikakataza mtu kutumia jina lingine lisilo la cheti cha kuzaliwa. Hapa Kenya ukoloni ulitunga mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, nayo ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume alipigwa alama za vidole, akapewa kipande, akakivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Jina lililoandikwa na karani ndilo lililokuwa jina lake mbele ya mwajiri na polisi. Ndiyo sababu wazee wetu wamekiita kitambulisho "kipande" mpaka leo, na ndiyo sababu babu alistaajabu kwa furaha aliposikia kwamba serikali imeandika jina lake.

Mwaka uliofuata babu alifariki. Alizikwa shambani mwake, na nyuki wakabaki mitini. Siku ya mazishi nilisimama nikasoma majina ya wana na wajukuu mbele ya watu. Nilipofikia langu nilisoma tena "Mwaniki", na sauti yangu ikakatika. Watu walidhani ni majonzi, wakanihurumia. Nami niliipokea huruma yao, ikawa ni deni la pili.

Deni hilo nilikaa nalo miaka mingi, nikawa mwalimu, nikaoa. Pengine ningekaa nalo hata leo kama si msichana mmoja wa darasa langu. Siku hiyo nilikuwa nikiwaandikisha wanafunzi katika fomu yenye nafasi tatu za majina. Nilipofika kwake nikamwuliza jina la baba. Akanyamaza. Mamake hakuolewa, naye, kwa desturi yetu, alipewa jina la nyanya mzaa mama. Wenzake wakaanza kucheka chinichini. Nikawanyamazisha, nikamwambia aje baadaye ofisini. Alipokuja alisimama wima akasema, "Mwalimu, andika jina langu na jina la mama. Jina la nyanya yangu lanitosha. Ndilo lililonilea."

Nilimweleza kwamba hana la kuonea haya. Kwamba Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Na kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa kile kifungu cha sheria kilichozuia jina la baba kuandikwa katika cheti cha mtoto ambaye wazazi wake hawakuoana, isipokuwa wote wawili wameomba, kinapingana na Katiba. Kwa hiyo mlango u wazi, kama siku moja yeye na mamake watataka kuingia. Alinisikiliza kwa adabu. Lakini nilipokuwa nikisema niliona ni nani aliye mwalimu na ni nani aliye mwanafunzi. Yeye alikuwa na jina moja alilopewa na mwanamke mmoja maskini, naye alilishika mbele ya kicheko cha darasa zima. Mimi nilikuwa nimepewa jina na mlango mzima wa watu, nikaliacha mbele ya meza tupu, pasipo mtu yeyote kunicheka.

Juma lile nilianza safari ya kulirudisha. Sheria ya Kenya yamruhusu mtu kubadili jina kwa hati, ikasajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nilitumia fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mabati ya jikoni, nikapanga foleni, nikarudishwa, nikarudi tena. Mke wangu aliniuliza kwa nini najisumbua kwa neno moja ambalo watu wote wa Karurumo waniita kwalo tayari. Nilimsimulia habari ya siku ile nyuma ya ghala, ambayo sikupata kumsimulia mtu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mabati yatangoja.

Kitambulisho kipya kilipofika nilikwenda nacho kwenye mizinga. Mmoja wa ile mizee nilikuwa nimeuokoa usipasuliwe kuni, nikautundika katika mti ulio mpakani mwa shamba. Nilisimama chini yake, nikasoma majina yote matatu kwa sauti, jinsi yalivyoandikwa, pasipo kuongeza wala kupunguza. Uongo niliomwambia mzee sikuweza kuufuta, maana aliyeusikia ameondoka nao. Nilichoweza ni kuufanya uwe kweli, nao umekuwa kweli baada ya wakati wake kupita. Wala sidai kwamba hayo ni sawa.

Enyi vijana msomao kitabu hiki, sikuwaandikia haya ili mdharau nembo. Taifa letu lenyewe linayo nembo tangu mwaka 1963: simba wawili na ngao, na juu yake jogoo ashikaye shoka. Wafaransa nao wanaye jogoo, kwa kuwa katika Kilatini neno moja lina maana ya jogoo na ya mtu wa nchi yao. Mwaka 1968 tulitunga hata sheria ya Chuo cha Nembo, ambacho kazi yake ni kuziandikisha nembo zisiigwe ovyo. Nembo ni njema ikisema kweli juu ya aliye nayo. Ninyi nanyi, kabla hamjatamani simba wa watu, waulizeni wazee wenu maadamu wako hai: jina langu lilikuwa la nani, naye alifanya kazi gani, na alama yake ilikuwa ipi? Yamkini mtajibiwa neno dogo, kama vile jembe, chungu, au mkato mmoja ubavuni mwa gogo. Liandikeni.

Mtoto wangu wa kwanza ni mvulana, naye anaitwa kwa jina la baba yangu. Nikimwita jioni aje ale, nasema "Baba, njoo." Mwana wake wa kwanza, Mungu akipenda, ataitwa Mwaniki. Watu watadhani ameitwa kwa jina langu.